Mwali Mwenye Mvi

Tangu nilipoacha shule nimelala katika vyumba vya kila namna: kambi ya mkonge Lindi, bweni la wafanyakazi wa reli Morogoro, chumba cha nyuma ya duka moja Mwanza ambako panya walikuwa na haki kuliko mimi, na sasa nyumba hii ya wageni hapa Masasi ambayo godoro lake limebonyea katikati. Vyote nimevisahau au nitavisahau. Chumba nisichoweza kukisahau hakikuwa chumba. Kilikuwa kibanda cha miti na nyasi pembeni mwa Newala, mlango wake wa kuinama, na nililala humo na mtu mzima mwenye mvi ambaye wazee wa kwao walikuwa wamemfanya mwali wa jando. Wiki iliyopita nilipanda tena huko kwa msiba wa Mzee Nankoma, ambaye ndiye aliyeyapanga yale yote. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanaume, nasubiri sahani, mwanamke wa miaka thelathini hivi akaja kusimama mbele yangu. "Shikamoo, mtani wa baba," akasema. Nikajua ni Agnesi kabla sijamtazama vizuri, kwa sababu hakuna mwingine duniani mwenye haki ya kuniita hivyo. "Babu amekufa hajaniambia," akasema. "Mama naye alikufa hajaniambia. Kila mtu husema baba aliteleza. Wewe ulilala naye. Aliteleza?" Nikamwambia marahaba, na tule kwanza. Baadaye tukakaa nyuma ya jiko, nikamweleza haya, isipokuwa machache ambayo nayaandika hapa kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kusema mbele ya mtoto wa mtu.

Ulikuwa mwaka mmoja wa mwisho-mwisho wa Waingereza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka sekondari, nimepelekwa Newala kufundisha watoto hesabu katika shule ya kanisa huku nikingoja kazi ya maana. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alikuwa bado akipita na kofia yake, na watu wa chama walikuwa wakifanya mikutano sokoni, lakini ukisikiliza barazani na jikoni, neno lililotajwa kutoka asubuhi hadi jioni lilikuwa maji. Newala iko juu, na maji yako chini. Wanawake waliondoka giza bado halijatoka, wakashuka genge hadi bondeni, wakarudi jua limewaka na madebe vichwani, shingo zimekakamaa. Mimi Mmakua wa Masasi niliwachokoza wenyeji wangu Wamakonde kwamba wao huoga mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, nao wakanijibu kwamba sisi Wamakua tunaoga kila siku na bado tunanuka. Sikukasirika. Ukoo wangu na ukoo wa Mzee Nankoma, mwenye nyumba niliyopanga, walikuwa watani tangu enzi za babu zetu, na mtani hakasiriki.

Kanisa liliamua kujenga tangi kubwa la saruji kukinga mvua kutoka kwenye bati la paa lake. Mawe yalisombwa, saruji ikaletwa kwa lori kutoka Mtwara, watu wakatoa mikono yao. Fundi alikuwa mmoja tu aliyejua kujenga kitu cha kushika maji kisivuje, naye alikuwa mpwa wa Mzee Nankoma. Alibatizwa Simoni, lakini hakuna aliyemwita Simoni. Kilabuni walimwita Debe, kwa kuwa alijisifu kwamba anaweza kumaliza debe zima la uraka, pombe ya mabibo, peke yake, na pale Newala ambako mtu akisifiwa kwa jambo analifanya mpaka afe, akawa Debe hata kwa wanawe. Akiwa mzima, ukuta wake ulisimama kama umechorwa. Akiwa amekunywa, alijenga choo cha walimu, ambacho tulikitumia kwa zamu, mmoja ndani na mwingine nje ameuegemea ukuta. Asubuhi mikono yake ilitetemeka hadi alipopata kata ya kwanza. Na tangi lilitakiwa liishe kabla ya mvua, yaani katika miezi ileile ambayo mikorosho inadondosha mabibo, na kila nyumba inakamua uraka, na wenye vyombo vya kuchemshia wanauchemsha ukawa nipa, mweupe kama maji na mkali kama moto.

Chumba changu kilitenganishwa na baraza ya Mzee Nankoma kwa ukuta wa mianzi uliobandikwa udongo, na udongo ulikuwa umepukutika. Kwa hiyo nilisikia yote jioni ile mke wa Debe alipokuja. Mama Agnesi alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, na hakukaa. "Sikuja kulia," alisema. "Nilishalia. Nimekuja kusema tu, mjomba, msije mkasema sikusema. Msimu huu wa mabibo akinywa, nachukua wanangu naenda Tandahimba kwa kaka zangu. Na asinifuate mtu na kuku wa kuombea radhi."

Nilimsikia Mzee Nankoma akijisogeza kwenye kigoda chake. Kisha akasema, "Huyu mtoto alitoka jandoni mbichi."

"Ana mvi, mjomba."

"Mbichi na mvi zake. Tutamweka ndani upya."

Mwalimu Bartolomayo, mwalimu wa dini, ambaye alikuwa hapo kwa ajili ya shauri la saruji, akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akauliza mtu aliyebatizwa, mwenye mke na watoto, atawekwaje ndani kama mtoto. Mzee Nankoma akamweleza polepole, kama mtu ambaye jambo hilo amelala nalo siku nyingi. Mwali anaingia porini na jina moja, anatoka na jina jingine, na yule wa kwanza hatajwi tena. Ukimwita kwa jina lake la utoto umemtukana, unatozwa kuku. Basi wao watamwua Debe. "La ubatizo lenu simo," akasema, "mwachieni padri. Mimi nataka hili la kilabuni." Watamjengea kibanda, atalala humo, atafanya kazi ya tangi mchana akiwa amefunikwa kichwa kama mwali, chakula kitatoka kila nyumba kwa zamu, na atakuwa na mlezi wa kulala naye. Wakapitia majina ya walezi. Huyu alikunywa naye, yule alikunywa naye, yule wa tatu ndiye aliyemfundisha kunywa. Hapo nikasikia Mzee Nankoma anagonga ukuta wangu kwa fimbo. "Wewe Mmakua unayesikiliza! Hunywi?"

"Sinywi, mzee."

"Utalala na mtani wako. Akikutukana hukasiriki. Ukimtukana haumii. Umefunzwa shule bure, unangoja nini?"

Debe mwenyewe alikubali kwa kichwa tu, uso chini. Nadhani alikuwa anaogopa Tandahimba kuliko kitu kingine chochote. Siku za mwanzo ndani ya kibanda sitaki kuzieleza sana. Alitoka jasho hadi mkeka ukaloa, alitapika, alipangusa siafu mwilini mwake ambao hawakuwapo. Nilimshika mabega na kumtukana kila tusi la utani nililolijua, kwa sababu nilikuta kwamba akitukanwa anarudi, anatafuta jibu. "Mla mizizi," nilimwambia. "Kichwa kama korosho, ubongo umening'inia nje." Naye, meno yakigongana: "Mmakua... mama yako... alikubadilisha kwa panya... akapunjwa." Tulicheka. Siku alipokula ugali wote wa muhogo ulioletwa na kuuliza kama kisamvu kimebaki, nilitoka nje nikakaa chini kwa uchovu.

Nimezunguka nchi hii, nimeona makanisa na vyama na vikundi vya kila aina, lakini sijaona tena watu wakimbeba mtu mmoja kama Newala ilivyombeba yule fundi miezi ile. Wanawake waliweka chakula njiani, wakapiga makofi, wakaondoka bila kutazama, kwa kuwa mwali haonwi na wanawake. Asubuhi alipotoka na kaniki kichwani kati ya wanaume wawili kwenda kwenye tangi, wanawake waliokuwa wakirudi bondeni waligeuza migongo, na mizigo yao ya maji vichwani, hadi apite. Kila jioni mwanamume wa nyumba moja alikuja kukaa naye, akamweleza habari za baba yake, za mashamba, za nguruwe waharibifu, chochote isipokuwa pombe. Waliokuwa na mikorosho kando ya njia yake waliokota mabibo kabla hayajachacha, wakayafukia, ili harufu isimfikie. Fikiria mtu wa kule kufukia mabibo! Wenye kukamua walikwenda kukamulia mashamba ya mbali. Na hakuna aliyetamka debe. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, kwa sababu debe ndicho chombo cha kila mwanamke. "Sasa nibebe nini kichwani?" niliwasikia wakibishana. "Sema bati." "Bati ni la paa." "Basi sema kile cha mafuta ya taa." "Kwa hiyo nikitaka kukiazima kwako nianze hadithi nzima?" Mwishowe mji wote ukasema bati, na watoto wangu darasani wakaandika kwenye hesabu kwamba mama ana mabati mawili ya maji, nami nikawapa tiki.

Jioni moja tulikuwa tumekaa mlangoni mwa kibanda. Ukuta wa tangi ulikuwa umefika juu ya kichwa, na mikono yake ilikuwa imetulia hata aliweza kuchomoa mwiba kwenye kidole changu kwa ncha ya kisu. Nikamwuliza kama bado anaitamani pombe. "Mtani," akasema, "wanadhani ni koo. Koo nimeshaliweza. Ni jua likiinama hivi. Mtu hujui uweke wapi mikono yako. Hapa najua. Unakuja wewe na matusi yako, anakuja yule na nguruwe zake. Naiweka tu magotini, nangoja." Nilikuwa kijana, nikaona ni maneno ya kawaida. Sasa nina umri aliokuwa nao, na kila mji ninaohamia, saa hiyohiyo, najikuta natafuta kitu cha kushika.

Tangi likapigwa lipu ndani na nje. Likabaki kifuniko tu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Ruvuma, na Mzee Nankoma akasema mwali ameiva, atolewe. Ndipo kukazuka shauri la namna ya kumtoa, nami nilikuwapo, si nyuma ya ukuta tena bali juu ya kigoda kama mlezi. Mwali hutolewa kwa ngoma, kwa nguo mpya, na kwa pombe. Hakuna mwali aliyewahi kutolewa mkavu. Watu wangesema ukoo unamwonea haya. Wangesema hakutoka. Mwalimu Bartolomayo alipinga, lakini padri alikuwa Masasi, na peke yake hakuwa na sauti. Mama Agnesi alikuja mlangoni, ingawa hakuitwa. "Mtoeni kwa chai," akasema. "Nitanunua sukari mimi."

Baraza nzima ikacheka. "Mwali wa chai!" mzee mmoja akapiga paja. "Atapewa na mkate? Tumwite Bwana Shauri amshike mkono?"

"Chekeni," akasema. "Mmefukia mabibo miezi yote hii, halafu mnamtoa kwa kitu kilekile."

"Hatanywa, mwanangu," Mzee Nankoma akamjibu, na alisema kwa upole wa kweli. "Atagusa mdomo, atanipa mimi. Ndivyo ilivyo. Mwali asiyegusa kata ya mjomba wake hana mjomba." Nami niliuliza kama kuna haja ya kugusa. Nikajibiwa kwamba Wamakua tunaoga kila siku ndiyo maana akili zimetutoka na maji. Utani wangu, uliokuwa dawa kibandani, barazani ulikuwa mlango wa kutonisikiliza.

Walimtoa. Nakumbuka shati jeupe alilonunuliwa na mkewe, mikunjo ya dukani bado imo. Nakumbuka ngoma, na Agnesi mdogo akiruka nyuma ya wanawake amwone baba yake kichwa wazi. Mzee Nankoma alitangaza kwamba yule wa zamani amekufa, na huyu anaitwa Nandonde, jina la marehemu kaka yake mwenyewe. Akampa kata. Mwali wangu aliishika kwa mikono miwili, haikutetemeka, akagusa mdomo, akaitazama kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akamrudishia mjomba wake. Vigelegele vilipasua hewa. Mwalimu Bartolomayo mwenyewe alipangusa macho. Kisha, kama inavyofanywa mwali anapotoka, kibanda chetu kikachomwa moto, mikeka na vyote, na watu wakarudi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Na hapo wakamwacha. Hawakumwacha kwa ubaya. Walimwacha kwa heshima. Mtu aliyetoka hana mlezi. Kumfuata-fuata ni kumwambia bado mtoto. Chakula hakikuja tena kwa zamu, kwani ana mke. Mwanamume wa jioni hakuja, kwani Nandonde sasa ndiye wa kukaa na wenzake. Mabibo hayakufukiwa tena. Nilirudi chumbani kwangu nyuma ya ukuta wa mianzi, na siku chache tu zilipita akanijia shuleni wakati wa mapumziko, amesimama kando ya ua, shati jeupe limechafuka saruji.

"Mtani," akasema, "kile kibanda kilikuwa nyasi tu. Kinajengwa kwa siku moja."

"Umekunywa?"

"Bado." Akaitazama mikono yake. "Nirudisheni ndani. Waambie wewe, mimi naona haya."

Tulikwenda wote wawili. Mzee Nankoma alitusikiliza hadi mwisho, na nilimwona uso wake ukizeeka tunapozungumza. "Haiwezekani," akasema. "Tuliwaambia watu huyu ametoka. Mwali anayebaki porini ni yule aliyekufa huko. Nikikurudisha, mwanangu, ninakuandika maiti. Nani atakuletea chakula? Nani atakanyaga njia hiyo?"

"Mimi nitamlaza chumbani kwangu," nikasema.

"Nyumbani mwangu? Mwali aliyetoka, na mlezi wake? Mtani, hapo umepita utani."

Mama Agnesi alipopata habari hakubishana na mtu. Alichukua shoka akaanza kukata miti nyuma ya nyumba yake, nami nikamsaidia kuchimba mashimo. Wanaume wa jirani wakaja. Hawakutupiga wala kututukana. Waling'oa miti mmoja mmoja, wakaipanga vizuri karibu na jiko lake kama kuni, wakamwambia shemeji usifanye hivi, mwanamke hajengi kibanda cha jando, utawaharibia watoto wetu wote. Nandonde alikuwa ameketi kizingitini na mikono magotini. Alisema, "Basi, mama watoto. Acha." Akainuka, akaenda upande wa tangi kuangalia mbao za kifuniko, na jua lilipoinama akapita mahali wanaume walipokuwa wakinywa. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki tena ya kumzuia. Baadaye walinieleza wenyewe, na hawakuona haya. Walimsogezea kigoda. Walimwita kwa jina lake jipya. "Nandonde, karibu." Yule wa zamani asingepewa kigoda.

Usiku ule mvua ya kwanza ilinyesha. Ilinyesha kama inavyonyesha kule baada ya kiangazi kirefu, hata sauti ya mtu wa chumba hichohicho husikii, na chini ya mshindo wake nilisikia wanawake wakishangilia nyumba hadi nyumba. Asubuhi walikuja kwenye tangi badala ya kushuka genge, wote, wamevaa kanga safi kama wanakwenda ibada. Mwanamke wa kwanza aliyepanda ngazi alichungulia kwenye tundu lililokuwa halijafunikwa, akashuka, akakaa chini kwenye matope. Maji yalikuwa yamefika kifuani pa mtu, na mtu alikuwamo. Mwiko wake wa kupigia lipu ulikuwamo pia. Wengine walisema alipanda kukagua kama pana ufa, fundi ni fundi hata akilewa. Wengine walisema mwiko haukuwa na lipu, basi hakupanda kuziba kitu. Mama Agnesi alikuwa amemtafuta usiku kucha katika nyumba za kaskazini, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wakichemsha nipa.

"Aliteleza?" Agnesi aliniuliza tena wiki iliyopita, nyuma ya jiko, na nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba ukuta haukuvuja hata tone. Sikumwambia yaliyofuata, na yeye hawezi kuyakumbuka, maana watoto walikuwa wameondolewa. Tulipokwisha kumtoa na kumlaza kwenye mkeka chini ya paa la kanisa, Mzee Nankoma alitazama tangi, akatazama wanawake, akasema maji yaliyolaza maiti hayanywewi. "Mwageni." Basi tukapanga mstari, wanaume na wanawake, tukayachota na kuyamwaga mchangani, maji masafi kuliko yote ambayo wengi wao walikuwa wameyaona karibu na nyumba zao, na mchanga ukayanywa papo hapo. Mama Agnesi akatoka kwenye mstari, akaja na bati lake, akalijaza hadi juu, akajitwika.

Mtu mmoja akamwambia, taratibu, "Mama Agnesi, hayo si ya kutumia."

"Ni ya kumwosha yeye," akasema. "Au mlitaka nishuke bondeni?"

Akaenda nayo hadi kwenye mkeka, akapiga magoti, akaanza na mikono ya mumewe. Wengine tuliendelea kumwaga.